Kipimo cha Masikio

Binti alikaribia miaka mitatu na alikuwa hajamtamkia mama yake hata neno "maji". Mama mtu, fundi cherehani, alilijua hilo kama alivyojua kuwa leo ni Jumatano, basi. Tangu afiwe na mumewe, mwaka na miezi sasa, moyo wake ulikufa ganzi. Mikono tu ndiyo ilifanya kazi, ikishona mashati ya shule kutwa nzima.

Aliyekuja juu ni mama mkwe. "Wenzake wanagombana na kila mtu, huyu kama gogo! Mpeleke akapimwe masikio. La sivyo namchukua mjukuu wangu, na simrudishi."

"Sawa, mama," fundi akajibu, hata uchungu hakuuona.

Kliniki, muuguzi alipiga kengele nyuma ya mtoto. Mtoto akageuka mara moja. Masikio mazima kabisa.

"Nyumbani anaongeleshwa na nani?"

"Mimi."

"Unamwambia nini?"

Fundi akatafuta. Kula. Vaa. Haya, twende. Yakaishia hapo.

Muuguzi akampa mtoto mdoli, akamwomba mama asubiri nje, mlango akauacha wazi kidogo. Fundi akakaa kwenye benchi. Punde akasikia kitoto kinaongea mle ndani, na jamani, hakuijua sauti ya mwanawe mwenyewe!

"Mdoli, shh! Usipige kelele. Mama amelala."

"Mama si yuko hapo nje?" muuguzi akauliza.

"Amelala. Anashona, amelala."

Fundi akakumbuka wiki ile ya msiba. Mashangazi na mawifi, kila aliyepita alimziba mtoto mdomo: nyamaza, mama amelala, mwache apumzike. Kisha wakafunga mizigo wakaenda zao, na katika watu wote wale hakuna aliyemwambia mtoto kwamba sasa anaweza kusema. Hata yeye mama hakumwambia.

Akaingia. Mtoto alipomwona akanyamaza kimya. Fundi akajikalia sakafuni, na hapo ndipo hofu ilipomshika, hofu ya kweli, ya kwanza tangu msiba.

"Mwanangu, nimeamka," akasema.

Mtoto akamsogelea taratibu. Akamgusa kope kwa kidole, moja, kisha ya pili, akamchungulia machoni kwa muda mrefu.

"Bado," akamwambia.