Mkono wa Kushoto wa Mot

Gundi ya fedha ilihitaji dakika nne ikauke, na ilikuwa imepita moja tu. Mkono wa kulia wa Mot, binti mwanafunzi wa fizikia, ulishika kibanio kilichobana waya mwembamba kuliko unywele. Wa kushoto ulikandamizwa juu ya bamba la shaba lililounganishwa na ardhi, maana mkanda wa kumkinga na cheche ulikatika asubuhi, na viyoyozi vilikikausha chumba hadi ukigusa kitasa kinakurusha.

Akiinua mkono huo, cheche moja ingetoboa utando wa kiungo kati ya waya na fuwele, na utando ndio ulikuwa kazi yote. Umeme ulipaswa kuupenya kidogo kidogo kuingia kwenye fuwele hiyo iliyobanwa na almasi mbili. Hapo ndipo ingejulikana kama, almasi zikikazwa na shinikizo kupanda, ngozi ya fuwele bado inapitisha umeme huku ndani ikiuzuia. Viungo arobaini vilikwisha kuungua. Hiki kilikuwa kwenye kipande cha mwisho cha fuwele, na shahada ya Mot ilikuwa humo humo.

Mlango ukafunguka. Akaingia Mwalimu Thawin, aliyeiotesha fuwele ile kwenye tanuri miezi mitatu kabla hajastaafu.

Nok, mwenzake aliyekuwa kwenye mita bila kujua kuwa mkanda umekatika, aliruka akaunganisha viganja na kuinama. Mot hakutikisika. Hapa Chiang Mai hata mlevi humwinamia mwalimu wake.

"Mot, mwalimu huyo," Nok alinong'ona kwa ukali. "Umeota mizizi?"

Aibu ilimpanda Mot hadi masikioni. Kidole kimoja cha kushoto kilikwisha kunyanyuka chenyewe, akakirudisha.

"Siku hizi hatusalimiwi," mzee alisema, akitabasamu kwa mdomo tu. Akasogea, akanyoosha mkono kuelekea kwenye almasi. "Ndiyo ile yangu hii?"

"Mwalimu, usiguse."

Maishani mwake Mot hakuwa amewahi kumkataza mzee kitu. Mkono wa Thawin ulibaki hewani. Akautazama mkanda uliokatika mezani, kisha mkono wa kushoto wa binti, kisha shaba. Taratibu akaweka kiganja chake kando ya cha Mot.

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Tungoje."

Wakangoja, viganja viwili juu ya shaba, hadi dakika ya nne ikatimia. Kisha Nok akasoma mita. "Kizima. Hakijavuja."

Mot akaachia kibanio, akapiga magoti mbele ya mwalimu, akaunganisha viganja kwenye paji la uso na kuinama.

"Inuka, mwanangu," Thawin alisema. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye shaba. "Hatujaanza kukaza."