Macho ya Mke wa Fundi Miwani

Mimi sipendi safari. Nasema mapema, asije mtu akanisifu kwamba nilimpeleka mke wangu matembezi. Kwa miaka thelathini na minne nimetengeneza miwani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikisaga lenzi na kukaza skrubu ambazo ukipiga chafya tu zimepotea, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Lakini mke wangu alishika uzi ule ule tangu mwanzo wa mwaka: twende tukaione ile miji miwili. "Kabla miguu haijakataa," aliniambia. Nikamjibu kwamba yangu ilishakataa zamani. Hakucheka. Alikwenda kufunga begi.

Miji yenyewe inatazamana kama wake wenza, huu upande huu wa maji, ule upande ule, na feri ndiyo mpeleka maneno, inakwenda na kurudi kila baada ya nusu saa. Tulale mji wa kwanza Jumamosi, Jumapili tuvuke hadi wa pili, jioni turudi tupande basi la nyumbani. Mpango wote ulikuwa wake. Kazi yangu ilikuwa kubeba begi na kumsomea kijitabu cha wageni, maana alidai kusoma ndani ya basi kunamuumiza kichwa. Nikamsomea chote, kurasa kumi na mbili, nyingine mara mbili kwa sababu alitaka.

Jumamosi ilikuwa ya kero tupu. Tuliposhuka kituoni alinishika mkono hadharani, jambo ambalo hakulifanya hata siku za uchumba, nikaona haya. Akajigonga bega kwenye mlango wa hoteli. Kwenye ngazi alisimama kila baada ya hatua mbili, akisema anapumzika. Mezani akaangusha glasi ya maji iliyokuwa upande wake wa kulia, mhudumu akaja mbio na tambara. Nikamwambia kwa sauti ambayo watu wa meza ya jirani waliisikia, "Fungua macho basi, mama! Leo una nini wewe?" Akamwomba radhi mhudumu. Mimi nikaendelea na chai yangu.

Mtu ataniuliza: wewe fundi miwani, hukuona? Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nilinyoa, na hapo ndipo palipo na msiba. Kila Januari, duka likipoa, nilimkalisha mke wangu kwenye kiti cha wateja nikampima kama mtu mwingine yeyote. Nilimfunika jicho moja akasoma ubao wa herufi ukutani kwa jicho la pili, kisha tukabadilisha. Alisoma mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao hata vijana wa shule wanababaika nao. "Mazima kama ya msichana," nilimwambia, naye akatabasamu akarudi jikoni. Wateja wote niliwaringia: mtazameni mke wangu, ana miaka sitini na moja na hajui miwani inavaliwaje. Wengine walinunua kwa sababu hiyo tu.

Jumapili asubuhi tukapanda feri. Katikati ya maji mji wa pili ukaanza kujitokeza, abiria wakasogea ukingoni na simu zao, nasi tukasogea. Kijitabu kilisema kitu cha kwanza mgeni kukiona ni mnara mweupe wa saa. Mke wangu akashika chuma cha ukingo, akavuta pumzi ndefu.

"Ona mnara ulivyo mweupe, mzee. Yaani unang'aa! Na saa yenyewe kubwa, mtu anaisoma akiwa huku huku majini."

Niliutazama mnara. Ulikuwa kwenye matengenezo. Toka chini hadi juu umezungushiwa mabomba ya mafundi na wavu wa kijani, hata njiwa asingejua kwamba kuna saa humo ndani.

Nikadhani ananitania. "Haya, ni saa ngapi basi?"

"Usinichoshe. Wewe si una yako mkononi?"

Alisema kwa utani, lakini nikaikumbuka ile glasi ya jana, upande wake wa kulia. Nikamgeuza taratibu, nikaweka kiganja juu ya jicho lake la kushoto, vile vile kama Januari. Hatua tatu mbele yetu palikuwa na bango jekundu lenye herufi kubwa kama mikate: MABOYA YA KUJIOKOLEA.

"Nisomee hilo bango."

"Bango gani?"

"Lililo mbele yako, mama. Mbele ya pua yako."

Injini ya feri ilikuwa inatetemesha sakafu chini ya miguu yetu.

"Hilo sijalikariri," akasema.

Tukakaa kwenye benchi, akanieleza kwa utulivu uliozidi kuniudhi. Ubao wangu wa herufi aliufuta vumbi kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne. Hata kusoma alimfundishia binti yetu kwenye ubao huo huo. Angeweza kuusoma toka juu kwenda chini, toka chini kwenda juu, hata usingizini. Jicho la kulia lilianza kuingia ukungu miaka sita iliyopita, kisha likazimika kabisa.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" Nilipaza sauti, watu wakageuka. Nikawatolea macho, wakarudi kwenye simu zao.

"Mwaka wa kwanza nilikuja kukuambia. Haki ya Mungu, nilikuja. Nikakaa kwenye kiti, ukanifunika, herufi zikaja zenyewe mdomoni. Ukasema mazima. Nikajiambia, fundi ni yeye, labda kweli ni mazima, labda ni uzee tu unanisumbua. Mwaka wa pili nikaona aibu. Wa tatu ulikuwa umeshanitangaza mtaa mzima. Ningesema nini? Mke wa fundi miwani haoni? Nani angekanyaga tena dukani kwako?"

"Na la kushoto?"

"Kuna tundu. Nachungulia kama mtu aliye nyuma ya mlango." Akacheka kidogo. "Linazidi kuwa dogo. Ndiyo maana nikakusumbua na safari. Nilitaka nione kitu kikubwa kabla halijaziba."

Mji wa pili sikuuona. Tuliposhuka nilikodi gari mpaka hospitali, nikagombana na mlinzi wa getini, nikagombana na karani wa mapokezi aliyesema kitengo cha macho Jumapili ni dharura tu. Nikamwambia hii ni dharura. Akauliza imetokea lini. Mke wangu akajibu, "Leo asubuhi." Tukaandikishwa.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, umri wa wetu. Alitusalimu shikamoo wote wawili, akamkalisha mke wangu mbele ya mashine, akamulika, akamwambia atazame juu, chini, pembeni. Mashine ile sina. Sikuwahi kuwa nayo. Mimi ni mtu wa lenzi, na lenzi zangu hazina kosa.

Alipomaliza alivuta kiti akakaa karibu nasi, nikajua. Wanaoleta habari njema husema wakiwa wamesimama.

"Ni presha ya macho," alisema. "Haiumi, haina kelele. Inakula mshipa wa macho polepole, ikianzia pembeni, mtu hashtuki mpaka imefika mbali."

Nikamuuliza kuhusu lenzi. Nikamtajia kila aina ninayoijua, akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Mzee wangu, hapa si suala la miwani."

"Upasuaji basi. Tutauza hata nyumba."

"Kilichokufa hakifufuki. Nitawapa matone, na atafuatiliwa huko nyumbani, lakini kilichobaki ni kidogo mno. Miezi. Mwaka, tukibahatika. Mngekuja miaka mitano iliyopita tungeizuia." Akafungua faili. "Mama hajawahi kupimwa macho hata mara moja?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa neno moja tu: nilimpima.

"Hajawahi, daktari," mke wangu akawahi. "Kosa langu. Nimekuwa mkaidi, huyu mzee kanibembeleza miaka yote."

Daktari akamgombeza kwa upole. Akamwambia kwamba wazee wetu mnapuuza afya, mnakaa na ugonjwa mpaka unaota mizizi, halafu mnatuletea sisi tufanye miujiza. Mke wangu akaitikia, ndiyo mwanangu, ni kweli mwanangu. Na mimi, ninayemgombeza kila mtu kuanzia mlinzi mpaka karani, niliinamia viatu vyangu nikanyamaza mpaka tukapewa chupa ya matone na kuruhusiwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata nizeeke zaidi, alikuja amekua tayari.

Feri ya jioni ilikuwa na watu wachache. Tulikaa ndani, mbali na madirisha, na hakuna aliyetaja mnara wala mji. Nikaanza kumwambia kwamba ningepaswa kusema ukweli kwa daktari, kwamba kesho nitampigia simu. Akanikatiza.

"Hamia kiti cha mbele yangu."

Nikahama. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akakisogeza kichwa changu kushoto kidogo, akakishusha, akakipandisha tena, mpaka akanipata. Akanitazama kwa muda mrefu, paji la uso kwanza, halafu macho, halafu mdomo, kipande kwa kipande.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema. "Mbona hukuniambia?"

Machozi yalikuwa yananitoka, nami sikuweza kugeuza uso, kwa sababu ningegeuza tu ningetoka kwenye tundu.