Samaki wa Toleo la Pili

Kashindye, jirani yake Paskazia pale Igogo, anadai yeye ndiye aliyewaona wa kwanza. Anasema alikuwa amechuchumaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, anasugua sufuria kwa mchanga, mtumbwi wa mumewe ukaingia, akachungulia ndani kama anavyochungulia siku zote, akakuta sangara hawana vichwa. Mifupa hawana, mikia hawana. Ilikuwa minofu mitupu, myeupe, imejilaza ndani ya mtumbwi, na bado inapumua.

"Inapumulia wapi, na vichwa hakuna?" wakamwuliza.

"Mimi nimesema inapumua," Kashindye akajibu. "Inapumulia wapi, kaulizeni huko ziwani."

Mumewe yeye aliongeza jambo moja tu, kwamba wana harufu ya limau.

Kufika mchana, mitumbwi iliyotoka upande wa Nansio nayo ilileta wa namna hiyo hiyo. Wavuvi walisema wanaogelea vizuri tu, wanajikunja na kujikunjua kama shuka linalokung'utwa. Kwenye viwanda vya minofu wenye mali walifurahi. Vijana wa kukata samaki waliambiwa waache visu getini warudi makwao. Korongo waliozoea kusimama nyuma ya kiwanda walingoja mpaka jioni, kisha wakaondoka kwa miguu.

Paskazia naye alingoja kwenye lile geti la nyuma, beseni kichwani. Kazi yake ilikuwa kukaanga mapanki, yaani kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu ya kupelekwa Ulaya: kichwa, mgongo, na nyama kidogo iliyosahaulika katikati. Aliyakaanga barabarani, akauza, na hicho ndicho kilikuwa kitoweo cha mtaa mzima na cha watoto wake mwenyewe. Minofu yenyewe mtaani ilionekana ikipita tu, ndani ya magari ya barafu.

"Leo hakuna, mama," mlinzi akamwambia.

"Yamekwisha?"

"Hayakuwepo. Wamebadilisha kitu kwenye kompyuta."

Viwanda vyote vya ufukweni vilikuwa vinatumia programu moja ya hesabu, jina lake Kokotoa. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya pale mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ukiiambia samaki wameingia wangapi, inakuambia minofu itatoka kilo ngapi, barafu itatakiwa kiasi gani na maboksi mangapi. Mkurugenzi wa kwanza, mzee Rugemalira, alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutoa toleo la kwanza, alinunua sangara mzima mwaloni, akamlaza juu ya meza kwenye magazeti, akamkata kwa kisu chake mwenyewe. Eugenia, binti wa kuingiza hesabu kwenye mashine, alipima kila kipande na kuandika: minofu, kichwa, mgongo, mkia. Halafu ofisi nzima ilimla huyo samaki mchana, kichwa akiachiwa mzee. Ziwa lilifuata kilichoandikwa, likaleta samaki wa hivyo. Hakuna aliyewahi kulifikiria sana jambo hilo.

Ndipo kampuni ikauzwa kwa watu wa Dar. Ilikuwa miaka ya kuuza kila kitu, hata kinu cha pamba na hoteli ya serikali. Mzee Rugemalira alichukua picha yake ukutani na kisu chake, akapanda meli kwenda kwao Bukoba. Akaja Nathaniel kutoka Dar, na zulia jipya. Alisema samaki hawezi kumwaga damu kwenye zulia lake, kwa hiyo siku ya majaribio samaki aliagizwa hotelini. Aliletwa kwenye sahani, mnofu mmoja na kipande cha limau. Mashine ikauliza uzito wa kichwa. Eugenia akaangalia sahani, akaandika sifuri. Mgongo, sifuri. Mkia, sifuri. Diski za toleo la pili zilisambazwa viwandani jioni ile ile.

Paskazia alipanda ngazi za ofisi ya Kokotoa akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama," Eugenia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu vichwa."

"Vya sangara?"

"Hivyo hivyo. Na migongo yake."

"Vimeondolewa, mama. Labda toleo la tatu."

"Linatoka lini hilo?"

"Akija bosi mwingine. Kila bosi na toleo lake."

Paskazia alishukuru, akarudi kukaanga mihogo. Wateja walimtania. "Mama Annet, huu muhogo nao umetolewa mifupa?" Walicheka, wakanunua kidogo, wakaenda. Nyumbani watoto walikula ugali kwa mchuzi wa chumvi, na Annet, yule mdogo, aliendelea kutoa miiba mdomoni kwa vidole na kuipanga ukingoni mwa sahani, ingawa haikuwepo. Mama yake alimwangalia, hakumkataza.

Nathaniel aliondolewa kabla ya mvua za vuli. Akaja Jovitus, mtu mpole. Yeye alimkaribisha Paskazia kwenye kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akataka hata kujua mgongo unakaangwa kwa muda gani.

"Ni wazo zuri sana," alisema. "Ila mama, mteja wetu ni kiwanda."

Toleo lake, la tatu, liliondoa ngozi, na samaki wakaanza kutoka ziwani wakiwa wameshapoa kwa barafu na kufungwa kwenye mifuko. Wanawake waliofua mwaloni walivaa soksi. Naye Jovitus akaondolewa, akaja Winnie.

Paskazia alikuwa amebakiwa na kichwa kimoja, cha siku za mzee Rugemalira, kimekauka kwa moshi juu ya jiko. Siku ya majaribio ya toleo la nne alikifunga kwenye khanga, akaenda nacho. Mezani kulikuwa na mnofu ndani ya mfuko wa plastiki, umekunjwa vizuri, umevuliwa hivyo hivyo. Eugenia alikuwa ameshaupima. Alipokiona kichwa, alisogeza karatasi ili kipate nafasi, akakiweka kwenye mizani. Mshale ukapanda. Kwenye kioo mashine ikauliza: Kichwa? Eugenia aliweka vidole juu ya vitufe, akamtazama bosi wake.

"Mkurugenzi, naomba umruhusu aandike," Paskazia alisema. "Hicho kimoja tu. Ziwa litaona lenyewe."

Winnie alikitazama kichwa kwa makini, hata akainama kukiangalia mdomoni. Alifungua kinywa kama mtu wa kujibu. Simu ikalia, ilikuwa ya Dar.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Leo leo?"

Alirudisha mkonga wa simu taratibu. Akatoa picha yake ukutani, akachukua mkoba na mwavuli, akawaaga wote wawili kwa adabu, akashuka ngazi. Kiti chake kiliendelea kuzunguka kidogo, kikasimama kimeelekea dirishani, upande wa ziwa.

Paskazia alingoja. Kisha akakigeukia kile kiti.

"Naomba aandike," alisema tena.

Vidole vya Eugenia vilikuwa bado juu ya vitufe. Swali lilikuwa linawaka na kuzimika kwenye kioo. Chini barabarani, gari la kusambaza diski za toleo la nne likapiga honi.