Nyumba ya Irente Mwaka wa Uchaguzi

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Lushoto. Kabla ya hapo nilikuwa na biashara ya kabichi na nilikuwa na mume. Kabichi zilioza garini barabara ya Mombo ilipoporomoka, na mume naye akateremka na barabara hiyohiyo ilipofunguliwa. Kwa hiyo nikikuambia milima hii ina hasara zake, nasema kwa mfuko wangu.

Nyumba za huku zina msimu kama njegere. Masika huuzi, maana mnunuzi akisikia udongo umeshuka barabarani anageuza gari. Juni na Julai ni baridi na ukungu. Septemba anga linafunguka, watu wa Dar wanapanda na makoti mapya, wanasimama ukingoni Irente, wanaiona tambarare yote ya Mazinde chini ya miguu yao, na bei inapanda yenyewe sijafungua hata mdomo. Ila mwaka wa uchaguzi hesabu hizo unazitupa. Mwenye hela anaificha mpaka aone nani kapita. Anayegombea anauza nyumba ili agombee, na akianguka kwenye kura za maoni za chama chake anauza ya pili ili alipe madeni.

Mwaka wa namna hiyo, mwezi wa pili, mzee Nikodemo aliniita kwake Irente. Ni fundi mwashi mstaafu, nyumba aliijenga mwenyewe kwa mawe, na sebuleni akaweka dirisha pana linalotazama bondeni. Mkewe, mama Yusta, alikuwa kajifunika kwenye kochi. Daktari alikuwa amesema kifua chake hakitaweza baridi nyingine ya huku juu. Ashushwe kwenye joto kabla ya Juni.

"Korogwe tumeshaona nyumba ndogo," mzee alisema. "Mwenyewe anatusubiri tuuze hii."

"Si mkapange kwanza, mzee? Mama atangulie?"

Mama Yusta akajibu kabla yake. "Nikapange? Niambiwe taa zizimwe saa tatu na mtoto wa juzi? Nitakohoa kwangu, Hawa. Wewe tafuta mtu."

"Nitatafuta, mama. Nikikosa nitainunua mwenyewe kwa mkopo wa kabichi."

Alicheka mpaka akashindwa kupumua. Nikajifunza kupunguza utani mle ndani.

Mtu nilimpata Machi. Alen, mhasibu wa Tanga, kijana mpole, aliyetaka nyumba ya kupumzikia na wazazi wake. Siku aliyokuja anga lilikuwa safi. Alisimama dirishani akanyamaza, na dalali anaujua ukimya ule. Benki ilikuwa imemkubalia mkopo, tukawa tunamsubiri mthamini wao apande. Kabla mthamini hajapanda, riba ikapanda.

"Mama, makato yanakula mshahara wote," Alen aliniambia kwenye simu. "Nisubiri ishuke. Wenzangu wanasema labda baada ya uchaguzi."

"Na wazazi?"

"Watapumzika hukuhuku Tanga."

Kisha mvua zikaanza. Udongo ulishuka mara mbili njia ya Soni, na kwa wiki nyingi hakuna aliyepanda kuangalia chochote. Mama Yusta alihamia chumbani, karibu na jiko la mkaa.

Juni ilipoingia, na baridi yake, akaja Nasra. Mwanamke wa Tanga, mwenye karakana ya kuchapa fulana na kofia, alitaka nyumba ya wageni. Huyu hakuwa na benki. Hela zake zilikuwa taslimu. Tatizo, siku aliyofika ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe wa jirani tulimsikia tu. Kwenye dirisha la mzee Nikodemo palikuwa peupe kama shuka.

Nasra alizunguka vyumba, akagonga kuta, akataja bei. Ilikuwa chini ya tuliyotaka. Lakini ya Korogwe ingenunulika, na nauli ikabaki.

"Hujaiona nyumba," mzee alimwambia.

"Nimeiona, baba. Vyumba vinne, paa zima, maji yapo."

"Hujaona dirisha."

"Dirisha nimeliona. Kubwa."

"Umeona kioo." Mzee alisogea akakifuta kwa kiganja, kana kwamba ukungu uko upande wetu. "Pale chini kuna Mazinde yote. Kuna mabasi unayaona kama sisimizi. Sikuuzii kitu usichokiona, mwanangu. Lala mjini, kesho patafunguka."

Kutoka chumbani sauti ya mama Yusta ikaja, nyembamba, ikimwita mumewe kwa Kisambaa. "Mghoshi, muuzie na ukungu wake. Aufungie kwenye chupa."

Nilimvuta mzee jikoni. "Shikamoo tena, mzee wangu, lakini chukua hela. Mwaka huu mtu mwenye taslimu harudi mara mbili."

"Hawa, mawe ya ukuta ule nimeyapandisha kwa bega. Nimeyapanga nikiangalia kule. Mtu akilipa bei ya vyumba vinne, mimi nilikuwa najenga nini?"

Usimcheke. Mtu wa kwetu atakuvumilia ukimpunja kwenye njegere, lakini kununua nyumba yake ukiwa hujaiona kazi aliyoifanya ni sawa na kula kwake bila kunawa. Hata mimi, niliyemsihi, moyoni nilitamani Nasra aone.

Nasra alilala mjini, akapanda tena kesho yake, ukungu. Akapanda siku iliyofuata, ukungu. Jioni hiyo alinipigia akiwa njiani kushuka.

"Dada Hawa, wagombea wameanza kuagiza fulana. Hela yangu yote inaingia kwenye kitambaa. Tuonane baada ya uchaguzi."

Jumapili asubuhi palifunguka, kwa muda mfupi. Mzee Nikodemo alinipigia simu akihema. "Njoo na mtu. Mtu yeyote, Hawa, panaonekana mpaka reli."

Sikuwa na mtu. Nilimwambia nakuja, nikaenda peke yangu, nikasimama naye dirishani tukatazama. Ilikuwa kweli panaonekana mpaka reli.

Julai kura za maoni zikapita, na walioanguka wakamwaga nyumba zao sokoni. Za tofali, zenye ukuta na geti, kwa bei ya kutupa. Kila niliyemtajia Irente aliniuliza kwa nini asichukue ya mheshimiwa.

Mama Yusta alifariki Agosti, kwenye wiki ya baridi kali kuliko zote.

Mtoto wao pekee, Fanueli, alipanda kutoka Dar. Wakati wa kupanga mazishi alisema mama azikwe makaburi ya kanisani, na akanigeukia mbele ya watu wote. "Dada, wewe soko unalijua. Kaburi likiwa uani, nyumba itauzika?"

Nimesema uongo mwingi kwenye kazi hii, mwingine wa kuchekesha. Siku hiyo sikuweza.

"Haitauzika," nikasema.

Mzee Nikodemo alikuwa kakaa pembeni na koti lake.

"Basi chimbeni mbele ya dirisha," akasema.

Uchaguzi ulipita, mwaka ukakaribia kwisha, na Alen akapiga. Riba ilikuwa imeshuka, mkopo umepita. Nilimweleza kila kitu kwenye simu, akasema atakuja hata hivyo, kumpa mzee pole. Walikunywa chai dirishani. Mzee alimwonyesha barabara, reli na mabasi, kidole chake kikipita juu ya kaburi bila kugusia. Alen hakuuliza bei. Baadaye nilimpeleka akaangalia nyumba nyingine huko mjini, akaichukua.

Siku ile ya chai, nilipokuwa naaga, mzee alinishika mkono mlangoni.

"Yule mama wa fulana. Alitaja ngapi vile?"

"Umesahau, mzee?"

"Sijasahau. Nataka kuisikia kwa mtu mwingine."

Nikaitaja.

"Korogwe ingetosha," akasema.

"Ingetosha, mzee."

Akatikisa kichwa polepole, akaachia mkono wangu, akaingia ndani.