Koti la Enos Sugden

"Hivi Keturah, mumeo huwa analala na ile kofia?"

Bi Hepziba Crowther aliuliza hivyo bombani, wakati wa kiangazi, mbele ya wanawake wote wa uchochoro wa Weir Fold, na walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Keturah alijaza ndoo, akamwomba Mungu amfunge mdomo, akaenda zake. Sasa ilikuwa Novemba, mama mkwe wake alikuwa amelazwa kwenye jeneza juu ya meza, na Jabez, mwana wa Bi Hepziba, alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuvuka kizingiti.

"Tutambeba," alisema Jabez. "Mama Tabitha ndiye aliyenifundisha kufuma, siwezi kumwacha aende na mkokoteni wa parokia. Lakini mumeo akija na lile koti, sisi mikono mfukoni."

"Ni mwanawe, Jabez. Unataka amfuate mama yake uchi?"

"Ana koti lake la zamani, lile la kahawia. Alivae. Enos tunamtaka, ila polisi hatumtaki."

"Amri yao unaijua. Awe zamu, asiwe zamu, lazima avae sare."

"Amri ni yao, shemeji. Mikono ni yetu."

Akaondoka akiinamisha kichwa, maana alikuwa mrefu na mlango ule ulikuwa mfupi.

Pale Weir Fold maiti ilibebwa na majirani. Wafumaji walimbeba mfumaji mwenzao kwa mikono, kupanda kilima hadi kanisani, hata mvua inyeshe vipi. Asiyebebwa na jirani alipandishwa mkokoteni wa parokia pamoja na wafu wa nyumba ya maskini, na watoto wake walisimangwa kwa jambo hilo mpaka nao wanazeeka. Mama Tabitha aliliogopa hilo kuliko kifo chenyewe. Siku zake za mwisho alikuwa akimshika Enos kidole na kumwambia, "Mwanangu, mkokoteni usinipandishe." Na Enos aliapa.

Enos alirudi asubuhi ile akitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Kwenye doria hakuruhusiwa kuketi, wala kuegemea ukuta, wala kuingia nyumba ya mtu hata mvua ikiwa ya mawe. Keturah alimfungua ile ngozi ngumu ambayo polisi walifungwa shingoni ili kichwa kikae wima. Chini yake palikuwa na kidonda kibichi.

"Jabez kaja?" Enos aliuliza.

"Kaja."

Alipoyasikia masharti aligeuka akaliangalia jeneza.

Hakuipenda kazi ile hata siku moja. Mashine za mvuke zilikuwa zimemnyang'anya ufumaji wake wa mikono, na watu wa kamati ya mji walikuwa wanatafuta wanaume warefu. Mafunzo yake yalikuwa ya asubuhi moja tu. Walimpa rungu, wakampa na kayamba la mbao la kuitia msaada, wakamwonyesha jinsi ya kutembea polepole ukingoni mwa barabara, wakamwapisha. Koti alilopewa lilikuwa na jasho la mtu mwingine na doa la damu mgongoni. Aliyekuwa nalo kabla yake alipigwa mawe kwenye geti la kiwanda, akaacha kazi. Na wa kabla ya huyo alifukuzwa kwa sababu ya kikombe cha pombe ambacho mwenye kilabu alimwekea dirishani. Keturah alilisugua doa kwa chumvi, lakini halikutoka lote. Mikono ilikuwa mifupi, akaishusha pindo.

Tangu siku Enos alipolivaa, mwenye duka la mkate alimhudumia Keturah wa mwisho, hata akifika wa kwanza. Watoto waliwaita polisi kunguru wa bluu. Na Enos, kwa kuamriwa, aliwatawanya watu waliosimama Jumapili kwenye kona ileile aliyosimama yeye ujana wake wote.

"Twende kwa Mkaguzi," alisema Keturah. "Tukamwombe kibinadamu."

Mkaguzi Pruett walimkuta anakula figo za kukaanga mezani kwake. Hakuacha kutafuna.

"Muda wa kumzika mama yako nakupa, Sugden. Ukimaliza unakwenda kazini moja kwa moja. Holroyd ameacha kazi leo. Utatembea njia yako na yake."

"Ahsante, afande. Naomba na ruhusa nivae koti langu la nyumbani. Kwa mazishi tu."

"Haiwezekani. Polisi bila sare ni jasusi. Mji mzima ulipiga kelele kwamba tutawaletea majasusi, ndiyo maana kamati ikasema muonekane mchana na usiku. Kwa hiyo ukitaka kulaumu, kawalaumu haohao majirani zako."

"Hawatambeba nikiwa na sare, afande."

"Basi wana roho mbaya."

"Nipe wenzangu wanne wambebe, tutatosha."

Mkaguzi alicheka, mafuta yakimng'aa kidevuni. "Wanne? Nikikupa wanne, mji nitaulinda mimi na paka? Nimebakiwa na hao hao, na mmoja ni mgonjwa."

Keturah alisema, "Bwana, na mama yako akifa utamzika na nani?"

"Sugden, mtoe mkeo humu."

Walipofika nyumbani, Keturah alifungua sanduku, akatoa lile koti la kahawia, akalikung'uta, akaliweka juu ya jeneza. Kisha akapiga magoti pembeni, akasali kimya. Hakumwombea mumewe achague hili wala lile. Aliomba tu wasije kuchukiana baadaye kwa chochote atakachochagua.

Alipofumbua macho, koti la bluu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari.

Jabez alishika jeneza mbele kulia, Enos mbele kushoto. Uchochoro mzima ulitoka. Walipanda kilima kwenye manyunyu, wanaimba ule wimbo ambao Mama Tabitha aliupenda, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze wanawake walimshika Keturah mkono.

Sajini Lumb alikuwa amesimama kwenye lango la makaburi. Jeneza lilipopita alivua kofia. Lilipokwisha kupita akaivaa tena.

"Sugden. Koti liko wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Nitalifuata."

Kazi ikawa imekwisha. Enos aliendelea kupanda.

Baada ya mazishi nyumba ilijaa. Bi Hepziba alileta nusu ya paja la nguruwe aliyoikopa kwa dada yake, akalikata vipande vyembamba ili litoshe. Jabez alimpiga Enos begani.

"Leo umerudi kwa watu, bwana."

"Nimerudi," alisema Enos. "Sasa watu wanakula nini?"

Walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Sajini Lumb alipoingia na matope yake walikuwa bado wanacheka, kicheko kikakatika. Keturah alimtolea kila kitu bila kuambiwa: kofia, ngozi ya shingo, rungu, kayamba. Koti aliliweka mezani, mahali palepale lilipokuwa jeneza.

Sajini hakulichukua. Alizungusha macho chumbani kama mtu aliyekuja sokoni kutazama farasi.

"Kuna nafasi," alisema. "Mbili, tukimhesabu Holroyd. Nataka mtu mrefu. Asiwe mlevi."

Hakuna aliyemtazama. Mtu alikohoa. Mke wa Jabez alikuwa amekaa karibu na moto, mtoto kifuani, na mtoto yule alikuwa akinyonya, anaachia, analia, ananyonya tena.

Jabez aliweka kikombe chini.

"Buti mnatoa?" aliuliza, sauti ya chini.

"Tunatoa."

"Jabez," alisema mama yake, "keti umalize chai yako."

Jabez hakuketi. Enos alimtazama, kisha akatazama moto. "Ile ngozi ya shingo," alisema, "ipake mafuta ya nguruwe kwanza. La sivyo itakukata."

Bi Hepziba alikuwa ameshika kisu kilichonasa katikati ya nyama, hakivuti wala hakisukumi. Keturah alimwona. Lile swali la bombani lilimfika hadi kwenye ulimi, limeiva, na watu wote wale walikuwepo kulisikia. Akamwomba Mungu amfunge mdomo, kama siku ile, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi.

Jabez alilikunja koti mkononi, doa likiwa upande wa ndani. Akainamisha kichwa mlangoni, akatoka nyuma ya sajini.