Tulipofika Mengineyo

Sikuwa na shahada, sikuwa na suti, sikuwa na sauti ya kuimba wala shemeji serikalini. Kusoma nilisomea ukubwani, darasa la jioni, mikono ikinuka mafuta ya cherehani nilizoshinda nikizitengeneza. Mtoto pia sikuwa naye. Binti tuliyejaliwa alifariki akiwa na miaka tisa. Kwa hiyo jina langu lilipopendekezwa kwa uzee wa kanisa, nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kwetu jina husomwa ibadani Jumapili tatu, na mwenye pingamizi humwandikia mchungaji. Jumapili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Muuza vitambaa wa jirani na kibanda changu akanitania, "Profesa, ukishakuwa mzee wa kanisa, bei ya mkanda wa cherehani itapanda?"

"Kwako itapanda. Una dhambi nyingi."

Baada ya Jumapili ya tatu mchungaji aliniita ofisini. Ni kijana, na huniita baba.

"Baba, ipo barua moja. Haina jina, hapa chini pamekatwa kwa mkasi. Kanuni zetu haziruhusu kuipokea. Naichana sasa hivi, tunaendelea."

"Nisomee kwanza."

Alisita, akasoma. "'Huyu ni mwaminifu kwa kanisa, hilo sina neno. Lakini siku mtoto wake anakata roho, aliitwa mara mbili akiwa kwenye kikao cha kununua mabenchi. Akajibu, nakuja, tumefika mengineyo. Msimpe kikao kingine.'"

Jirani aliyekuja kuniita siku ile sasa ni marehemu. Nilimwomba asimwambie mke wangu, na nyumbani nilisema habari zilichelewa kunifikia. Miaka ishirini na mitatu niliamini hajui.

"Usiichane," nilimwambia mchungaji.

Nilimkuta mke wangu anapiga pasi shati langu jeupe, la siku ya kusimikwa.

"Ulijua tangu lini?"

Hakuuliza kujua nini. "Tangu msibani."

"Mbona hukusema?"

"Ungenijibu vizuri, mume wangu. Wewe maneno unayo. Nilitaka uniambie mwenyewe, bila kuulizwa."

"Na jina ulilikatia nini?"

"Niliandika 'mama yake'. Nilipoliona nikashindwa kulitazama."

"Sasa shati unalipigia pasi la nini?"

"Kama wangeichana barua, ungevaa nini?"

Nilikaa. Lilikuwapo jambo ambalo sikuwahi kulitamka tangu tulipomzika binti yetu.

"Aliniulizia?"

Aliisimamisha pasi kwanza. "Ulikuwa umemfundisha kuhesabu. Nikamwambia, hesabu mama, ukifika mia baba atakuwa mlangoni. Akafika mia. Nikamwambia anza tena. Akafika tena. Ya tatu aliishia arobaini na kitu."

Kikao kile nilikiandikia muhtasari mimi. Kurasa nne, mwandiko safi, na mwenyekiti alinisifu. Mengineyo yenyewe, ile ajenda ya mwisho, yalikuwa rangi ya mabenchi.

Nilivuta karatasi. Mimi huandika rasimu mbili hata kwa barua ya salamu, ila hii niliiandika mara moja: *Mchungaji, barua ile ni ya mke wangu. Kila neno ni kweli, na mimi ndiye niliyelificha. Naomba jina langu liondolewe.* Nikatia sahihi, nikamsogezea. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, kama nilivyomfundisha tulipooana. Kisha akachukua kalamu, na chini ya jina langu akaandika: *Mama yake.*

Safari hii hakukata.

Nililamba gundi, nikaikandamiza bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Alikuwa amekwisha kulitundika shati ukutani.

"Ukishaipeleka," alisema, "rudi moja kwa moja."

Mlangoni pa ofisi ya kanisa lipo sanduku la bati. Ndani wajumbe walikuwa wanaingia kwenye kikao, na mmoja akaniita nipite. Nikaitumbukiza barua, nikaisikia inagonga chini, nikageuka kurudi nyumbani.