Pengo Katika Ua

Mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi, Mwenyezi Mungu alipowajalia waliokimbia kurejea makwao, Kinyanjui alirudi Cheptiret pamoja na binti yake, Waiyego. Shule ilimpokea mtoto katika darasa la tatu, lakini hakutamka neno. Mwalimu mkuu, Mzee Kipkirui, akatoa kauli: asiposoma kwa sauti kabla ya muhula kwisha, atarudishwa darasa la kwanza.

Mwalimu Hulda wa darasa la tatu hakuridhika. Alikuwa na njia yake ya kufundisha msamiati: kila neno jipya lilipewa alama, wanafunzi wakaichora kwa makaa juu ya katoni, ikatundikwa ukutani. "Subira" ilikuwa sufuria ya maharagwe jikoni. "Ghadhabu" ilikuwa fahali aliyeinamisha pembe. Waiyego alizitazama alama hizo kutwa, kimya.

Siku ya wazazi, Kinyanjui aliketi nyuma ya darasa, kando ya jirani yake, Mama Kibet. Neno la siku hiyo lilikuwa "jirani". Kibet, mwana wa Mama Kibet, akachora nyumba mbili.

"Hizo ni nyumba tu," mwanafunzi mwenzake, Linet, akamcheka. "Hata mtaa wa Elgon View kule mjini ziko, na watu hawajuani."

"Nani atamsaidia Kibet?" Hulda akauliza.

Waiyego akainuka. Akatwaa kaa, akachora ua wa miiba baina ya nyumba zile, kisha akaufuta kidogo kwa kidole, pakabaki pengo.

"Sasa hiyo ni njia ya mbuzi," Linet akasema.

"Si ya mbuzi." Sauti ya Waiyego ilikuwa nyembamba, ila ilifika nyuma. "Ni hapo Mama Kibet alikata miiba usiku wa moto, tukapita, akatuficha kwake. Mikono yake ilitoka damu."

Mama Kibet aliificha mikono ndani ya leso. Mwanawe akanyoosha shingo kama aliyevishwa nishani.

Mzee Kipkirui, aliyekuwa mlangoni, akakohoa, akamgeukia Waiyego. "Nisomee na zile zingine, mama."

Waiyego akausoma ukuta wote, alama kwa alama, pasipo kukosea.

"Atabaki hapa hapa darasa la tatu," mzee akasema.

Kinyanjui alikuwa amekwisha kusimama, kofia mkononi. "Huyo ni wangu," akawatangazia wazazi, waliomjua miaka yote.

"Tunajua, Baba Waiyego," Mama Kibet akamjibu. "Keti basi, unatuzuia kumwona."